Picha Ndogo Kwenye Kioo cha Simu: Je, Nikate Rufaa ya Hataza?

Swali: "Habari ya kazi, Mwalimu. Mimi hutengeneza programu za simu hapa Kisumu. Mama yangu anauza mitumba Kibuye, na programu hii niliiunda kwa ajili yake. Akifungua robota, anapiga picha kila nguo ikiwa juu ya turubai. Programu inazipunguza picha zote na kuzipanga kwenye kioo kimoja, za kamera (nguo nzuri) juu, za fagia (za kumalizia) chini. Mteja wa Siaya au Busia akigusa anayoipenda, inafunguka kubwa. Simu ya mama ni ya bei ya chini lakini haigandi. Niliomba hataza, yaani haki ya kulinda uvumbuzi, na mkaguzi ameniandikia kwamba huu ni uwasilishaji wa taarifa tu, kwa hiyo si uvumbuzi. Rafiki yangu anasema Ulaya kuna kampuni ya kamera iliyokata rufaa kwa jambo kama hili. Nami nikate? Na nikishinda, nitaweza kuwazuia wale ambao tayari wameweka sokoni programu inayofanana na yangu?"

Jibu: Dada yangu, usikate rufaa. Bado. Nimeisoma barua ya mkaguzi uliyoniambatishia mpaka mstari wa mwisho, mstari ambao watu wengi hawaufikii kwa sababu moyo umeshavunjika kule juu. Unakutaka utoe maelezo au urekebishe madai yako, yaani yale maneno yanayotaja hasa unachotaka kilindwe. Hiyo ni ripoti ya ukaguzi, na rufaa hukatwa dhidi ya uamuzi. Hujanyimwa hataza, umeulizwa swali. Lakini jibu utakaloandika sasa ndilo litakalosomwa siku ya rufaa mambo yakifika huko, kwa hiyo liandike kana kwamba Jopo la Mali ya Viwanda, linalosikiliza rufaa hizo, limeshaketi mbele yako.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 kinataja mambo yasiyohesabiwa kuwa uvumbuzi. Miongoni mwake ni nadharia za sayansi na mbinu za hisabati, mbinu za kufanyia biashara, kazi za kichwani mwa mtu, njia za kutibu mwili, na uwasilishaji wa taarifa tu. Neno "tu" hapo lina uzito wake. Mkaguzi amelinukuu bila kulifafanua, na hapo ndipo pa kumjibu. Ukiandika bei ya samaki kwenye ubao wa ufuo wa Dunga kwa chaki nyekundu badala ya nyeupe, hiyo ni taarifa tu. Ukiunda ubao wa umeme unaoonyesha bei hiyohiyo kwa nusu ya umeme, taarifa bado ipo, lakini haiko peke yake tena. Tazama pia kisichotajwa: programu za kompyuta hazimo katika orodha yetu. Mkataba wa Hataza wa Ulaya, katika ibara ya 52, unazitaja waziwazi pamoja na uwasilishaji wa taarifa, na kuzikataa zote mbili pale zinapodaiwa zenyewe kama zilivyo. Kwa maandishi ya sheria, basi, mlango wa hapa nyumbani ni mpana kuliko ule uliopitiwa na kampuni anayoisema rafiki yako. Katika rasimu ya jibu ulilonitumia hilo halimo. Litie.

Rafiki yako hakukosea. Kampuni ni Canon, na shauri linajulikana kwa namba T 643/00, lililoamuliwa mwaka 2003 na Baraza la Rufaa la Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Lilihusu kifaa cha kutafuta picha zilizohifadhiwa, ambapo picha nyingi huonyeshwa pamoja kwa ubora mdogo, na mtumiaji akichagua, anaonyeshwa kwa ubora mkubwa zaidi. Swali lilikuwa kama huko kuzipanga picha kwenye kioo ni ufundi au ni urembo. Baraza lilikataa kutoa kanuni ya jumla ya kufunga mlango. Lilisema mpangilio wa picha kwenye kioo unaweza kutokana na mawazo ya kiufundi, hasa pale unapomwezesha mtu kufanya kazi ya kiufundi, kama vile kutafuta na kupata picha ndani ya mashine, kwa haraka au kwa wepesi zaidi. Na hilo halibadiliki kwa sababu tu macho na akili ya mtu vinashiriki katika kuchagua.

Ukilisoma hivyo tu, utafurahi na kukimbilia rufaa. Nimewaona wengi wakifanya hivyo. Mwaka 2012 baraza jingine la rufaa la ofisi hiyohiyo, katika shauri T 1741/08 la kampuni ya SAP, lilikuwa na mpangilio mwingine wa alama za picha kwenye kioo, zilizomwongoza mtumiaji hatua kwa hatua. Mwombaji alijenga hoja yake kama ngazi: mpangilio huu unapunguza mzigo wa kufikiri, mtumiaji anafanya makosa machache, kwa hiyo kompyuta inafanya kazi ndogo. Baraza lilikataa. Nafuu ikipitia kwanza kichwani mwa mtu, kisha ndipo ije kwenye mashine, hiyo si nafuu ya kiufundi ya mpangilio wenyewe. Sasa rudi kwenye maombi yako, dai la kwanza: "mfumo unaorahisisha mteja kuona nguo nyingi kwa mara moja." Dada, hayo ni maneno ya SAP, na ndiyo yaliyomfanya mkaguzi wako aandike alivyoandika. Mimi pia ningeandika vivyo hivyo.

Maamuzi ya Munich, yaliko makao ya ofisi hiyo ya Ulaya, hayamfungi mkaguzi wa Nairobi. Yanasomwa kama unavyosikiliza ushauri wa jirani mwenye uzoefu. Hata hivyo yana njia moja ya kufikiri ambayo ningependa uichukue, nayo inatoka kwenye shauri la laini za simu. T 641/00, mwaka 2002: kampuni ya simu ya Comvik walikuwa na hataza ya kadi moja ya simu yenye vitambulisho viwili, ili gharama za simu za kazini zitenganishwe na za nyumbani. Sisi tunaotembea na laini mbili mfukoni tunaielewa haja hiyo bila kufundishwa. Baraza lilisema kutenganisha gharama ni haja ya kibiashara. Haja hiyo huwekwa upande wa swali, kama kazi aliyopewa fundi, kisha unauliza: katika namna fundi alivyoitimiza, kuna kipya ambacho fundi mwingine wa kawaida asingekifikia? Comvik walishindwa kwa kipimo hicho.

Pima yako hivyohivyo. Kutenganisha nguo za kamera na za fagia ni hekima ya soko, mama yako aliijua kabla simu hazijaja. Hiyo inaenda upande wa swali. Kuweka nguo nzuri juu na za kumalizia chini, upande wa swali. Kumruhusu mteja wa Busia achague bila kupanda matatu, upande wa swali. Mambo hayo yote, ambayo yamechukua kurasa 9 kati ya 12 za maombi yako, hayakusaidii hata kidogo katika hatua ya kivumbuzi, yaani kile kipya ambacho fundi wa kawaida asingekifikia. Wamarekani wamefika pahali pamoja na hapo kwa njia yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Shirikisho, katika kesi ya TLI Communications, iliangalia hataza ya kupiga picha kwa simu, kuibandika lebo na kuihifadhi kwenye seva kwa kufuata lebo hiyo. Ikasema kupanga picha kwa lebo ni wazo la jumla, na simu na seva zimetumika kama simu na seva za kawaida tu.

Kinabaki nini upande wa jibu? Hapa sasa ndipo ninapopapenda.

Simu ya mama yako haigandi. Kwa nini? Hilo swali hukulijibu kwenye maombi ila kwa kupita, na ndilo swali zima. Chukua picha moja ya megapikseli 8, yenye nukta 3264 kwa 2448. Kwenye faili imebanwa, lakini ikifunguliwa kwenye kumbukumbu kila nukta inachukua baiti 4. Zidisha: karibu megabaiti 32 kwa picha moja. Robota likitoa nguo 60, zikifunguliwa zote ni takriban gigabaiti 1.9. Simu ya bei ya chini haina nafasi hiyo, lazima igande. Programu yako haizifungui. Faili ya JPEG imekatwa miraba ya nukta 8 kwa 8, na kila mraba una namba 64, ya kwanza ikibeba wastani wa mraba mzima. Programu inachukua hiyo ya kwanza na kuiacha ile hesabu ya namba 63 zilizobaki. Ni kama muuza omena: hahesabu samaki mmoja mmoja, anatazama gorogoro. Picha inatoka na nukta 408 kwa 306, nusu megabaiti hivi, mara 64 chini ya ile ya kwanza. Picha zote 60 sasa ni megabaiti 30, pungufu ya picha moja kubwa. Nafuu hii haipitii kichwani mwa mtu yeyote. Hata kama hakuna jicho linalotazama kioo, kumbukumbu imeokolewa.

Hoja hiyo ina ukoo wa zamani. Mwaka 1986, katika shauri T 208/84 la kampuni ya Vicom, Baraza la Rufaa la Ofisi ya Hataza ya Ulaya lilibatilisha uamuzi wa kunyima hataza njia ya kuchakata picha za kidijitali iliyopunguza idadi ya mahesabu. Lilisema picha iliyo ndani ya mashine ni kitu halisi kilichohifadhiwa kama alama za umeme, na kukifanyia kazi ili kibadilike ni kazi ya kiufundi, hata kama hesabu ndiyo inayotumika.

Lakini nisikudanganye, maana nimeona unavyolitegemea hilo. Kusoma wastani wa miraba ili kupata picha ndogo ni jambo la zamani. Kiwango cha JPEG kilitoka mwaka 1992, na maktaba za programu zinazopunguza picha kwa nusu, robo na thumuni kwa njia hiyo zipo tangu miaka hiyo ya tisini. Kila msanidi anaweza kuzichukua bure. Mkaguzi hakulileta kwa sababu hakufika huko, alisimama mlangoni kwenye "taarifa tu". Ukimwondoa mlangoni kwa hoja ya kumbukumbu, atageuka na kukuuliza jipya lako liko wapi. Jiandae.

Ndipo nakuja kwenye aya ya nne ya ukurasa wa 11, mistari ambayo naona uliiandika kama mtu anayemalizia. Unasema: kwa kuwa picha zote hupigwa juu ya turubai moja la buluu, programu inalinganisha wastani wa miraba ya picha zote za robota moja, inatambua miraba ya turubai, inaikata, na kuipunguza nguo peke yake ili ijaze kijipicha. Niliisoma, nikaiweka karatasi chini, nikaisoma tena. Hapo hakuna biashara, hakuna mama wa Kibuye, hakuna mteja. Kuna mashine inayotumia namba ilizokwisha kuzisoma kwa kazi nyingine, ikazitumia mara ya pili kutambua mandhari yanayojirudia katika kundi zima la picha, kabla ya kufungua hata picha moja. Koti jeusi ambalo lingeonekana kama punje katikati ya bahari ya turubai linajaza kioo, na kumbukumbu haijaongezeka. Dai la kwanza lingekuwa hilo. Kamera na fagia viondoke kabisa kwenye madai, vibaki kwenye maelezo kama mfano wa matumizi.

Je, ni jipya duniani kote? Kipimo chetu ni dunia nzima, si Kenya peke yake, kwa hiyo kabla ya kujibu fanya utafutaji kwenye hifadhidata za hataza zilizo wazi mtandaoni, kwa maneno ya kutambua mandhari bila kufungua picha, si kwa maneno ya mitumba. Tenga siku mbili nzima kwa kazi hiyo. Ukikuta mtu ameshalifanya hilo kwa picha moja moja, bado una kundi zima la picha la kushikilia. Ukikuta ameshalifanya kwa kundi, tuongee upya kabla hujatumia shilingi nyingine.

Namshukuru Mungu mistari hiyo iko ndani ya maombi uliyowasilisha siku ya kwanza, maana isingekuwemo usingeweza kuiongeza. Marekebisho hayaruhusiwi kuvuka kile kilichofichuliwa mwanzoni. Hilo nimelilipia. Miaka ya nyuma nikiwa Nakuru nilimwandikia fundi mmoja wa Naivasha maombi ya mashine iliyopiga picha mashina ya waridi kwenye chumba cha kufungashia maua na kuonyesha picha ndogo 24 kwenye kioo kwa kufuata urefu. Niliandika kwamba picha "huonyeshwa kwa mpangilio ulio rahisi kusomwa", na nikaona nimeandika vizuri. Ufundi wenyewe ulikuwa kwenye taa: iliwaka kwa kufuata mwendo wa mkanda, hivyo picha haikutikisika hata mkanda ukikimbia. Fundi alinionyesha taa hiyo kwa mikono yake, tukiwa tumeinama chini ya mkanda, maji ya maua yakitudondokea shingoni. Sikuiandika. Nilidhani ni jambo dogo. Tulipokataliwa, taa haikuweza kuingia tena, na kwa maombi mapya tulikuwa tumechelewa kwa sababu mashine ilikuwa imekaa zaidi ya miaka miwili ikionwa na kila mgeni wa shamba. Kosa lilikuwa langu, si lake, na tangu siku hiyo siandiki dai kabla sijamuuliza mvumbuzi: mashine inafanya nini wakati hakuna mtu anayeitazama?

Hilo la kuonwa na watu linakuhusu pia. Unasema mama alianza kuitumia sokoni miezi 7 kabla ya kuwasilisha maombi. Kenya umepona: sheria yetu haihesabu ufichuzi uliofanywa na mwombaji mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya tarehe ya maombi. Ulaya hakuna huruma hiyo. Kama una ndoto ya kuipeleka huko, iache, na fedha hizo ziweke kwenye utafutaji niliousema.

Mkaguzi akilipokea jibu lako na bado Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, inayotoa hataza, akaamua kukunyima, hapo ndipo una rufaa. Inaenda kwa Jopo la Mali ya Viwanda, na ukishindwa hapo, Mahakama Kuu. Jopo hilo halikaliwi na mawakili peke yao. Sheria inataka wamo pia wenye ujuzi wa viwanda, sayansi na teknolojia, na kwa kesi ya namna yako hiyo ni heri. Mtu aliyewahi kuona simu ikiganda kwa picha ataielewa hesabu ya megabaiti 32 upesi kuliko hoja yoyote ya sheria. Weka hesabu hiyo ukurasa wa kwanza. Ukiweza, beba simu mbili za aina moja, moja ina programu yako na nyingine inafungua picha kwa njia ya kawaida, robota moja, picha 60.

Sasa hao walioweka sokoni programu inayofanana na yako. Najua swali hili ndilo lililokusukuma kuniandikia, nalo linauma. Hataza haizuii kufanana. Inazuia kile kilichoandikwa kwenye madai, ndani ya Kenya, kwa miaka 20 tangu tarehe ya maombi. Kama wao wanapunguza picha na kuzipanga lakini hawatambui turubai kwa wastani wa miraba, hataza yako haitawagusa, hata kama kioo chao kinafanana na chako kama mapacha. Kama walikuwa wakiitumia njia hiyohiyo kwa nia njema kabla ya tarehe yako, sheria inawalinda waendelee. Na kama walinakili msimbo wako wenyewe, huhitaji hataza. Programu inalindwa na Sheria ya Hakimiliki kama kazi ya maandishi tangu ulipoiandika, na unaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ili kupata ushahidi wa tarehe. Mwonekano wa kioo nao una njia yake, usajili wa usanifu wa kiwandani, wa miaka 5 unaoweza kuhuishwa hadi 15. Usishawishike na cheti cha uvumbuzi mdogo kwa kuwa hakidai hatua ya kivumbuzi. Tafsiri yake katika sheria inazungumzia umbo na mpangilio wa vifaa, zana na saketi za umeme, na programu peke yake inakaa humo kwa kubanwa.

Umeniuliza pia kwenye ujumbe wa pili kama kesi ya vijipicha ya mpiga picha wa Marekani inakusaidia. Hiyo ni ya Leslie Kelly dhidi ya Arriba Soft, na ilihusu hakimiliki: je, injini ya kutafutia inaweza kuonyesha vijipicha vya picha za mtu bila ruhusa? Mahakama ya rufaa ilisema ndiyo, hayo ni matumizi ya haki. Haisemi lolote juu ya nani aliyevumbua njia ya kuvipunguza. Iondoe kwenye jibu lako, itamchanganya mkaguzi.

Kwa hiyo fanya hivi wiki hii. Tazama tarehe ya mwisho iliyo kwenye barua na umwone wakala wa hataza aliyesajiliwa kabla haijakaribia. Mpelekee ukurasa wa 11, si kurasa 9 za mwanzo. Kisha Jumapili, soko likiwa limejaa, nenda Kibuye na mwombe mama akupigie picha robota moja kwenye turubai la buluu, na jingine kwenye la rangi ya chungwa la jirani yake. Kama programu inatambua turubai hilo la pili bila wewe kugusa msimbo, andika matokeo hayo na tarehe yake, uniletee.